Mashine ya ushuru haiulizi kadi ya chama

Kamwene, wapendwa. Juzi kijana mmoja wa Makambako kaniandikia: "Shikamoo mama. Mtaani kwetu watu wa chama chetu cha upinzani tunahesabika kwa vidole. Ushuru umetuchosha, na pesa hatuoni zinakokwenda. Tuandamane, au tunyamaze tulinde biashara?" Ujumbe umenikuta maduka ya Kariakoo yakiwa yamefungwa, Juni hii ya 2024, wafanyabiashara wakilia na kodi na kamatakamata ya TRA, Mamlaka ya Mapato, mgomo ukasambaa hadi mikoani. Nikamwitikia marahaba, halafu nikakaa na simu mkononi hadi chai ikapoa.

Maana wale wa Kariakoo hakuna aliyewauliza chama. Ni wengi, wakagoma, Serikali ikakaa nao mezani. Sisi wachache tukisema lile lile tunaitwa wachochezi. Nawajua ninyi mnaonisoma: mnataka mtaji ukue, kiwanja kipatikane, ikibidi na kirikuu, kile kigari cha mizigo, iwe ya kwenu. Basi nisikilizeni.

Julai 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza, nilikuwa nauza viazi na karibu kila siku natuma hela shambani kwa vibarua. Makato yakawa yanang'ata faida. Wa chama chetu tulikuwa 14. Tukaandika mabango usiku, asubuhi tukashika barabara. Polisi hatukuwapa taarifa. Tuliona haki ni yetu, ya nini kubisha hodi? Hatukufika mbali. Nililala kituoni siku mbili, na magunia yangu matano yaliyobaki kibarazani yakapigwa na jua, viazi vikaanza kugeuka kijani. Mteja wangu wa chipsi akavitazama mara moja tu, akaondoka.

Lakini kituo nimekisamehe. Ambacho sijakisamehe ni kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana hela. Nilishika daftari la kikoba chetu miaka sita, haijawahi kupotea hata shilingi. Nilipotoka, jirani yangu, mama ambaye nilimpokea mtoto wake wa tatu kwa mikono hii, akasimama akasema, "Mpinga maendeleo hawezi kushika hela za watu." Daftari likachukuliwa. Nilirudi nyumbani nikamenya viazi ambavyo hakuna aliyekuwa anavihitaji.

Septemba mwaka ule ule tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 zikashushwa tena, na nyingine zikafutwa. Sisemi tulizishusha sisi 14. Nchi nzima ilipiga kelele. Ila tulikuwemo, na tulianza mapema. Jirani yangu naye anatuma hela kwa makato hayo yaliyopungua. Asante yake naisubiri.

Baada ya hapo mjomba wangu, mstaafu wa mahakama, alinikalisha chini na Katiba yake iliyochakaa. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni. Ibara ya 20 inampa uhuru wa kukutana na wenzake na kutoa mawazo hadharani. Ibara ya 138 inasema kodi haitozwi ila kwa sheria. Nikamuuliza, wapi pameandikwa lazima muwe wengi? Akacheka, akanionyesha sheria inayotaka mkusanyiko au maandamano yatolewe taarifa kwa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla. "Taarifa, Anko, si ombi," akasema. (Ananiita Anko tangu nikiwa mdogo, nami namwita Anko.) Wanaweza kuzuia, ndiyo, lakini wakizuia uwe na nakala yenye muhuri. Sisi 2021 hatukuwa hata na karatasi ya kufungia karanga.

Basi msimu wa 2022 nikapakia viazi vya shamba langu mwenyewe, magunia saba, kwenye kirikuu kwenda mjini. Si lumbesa, yale magunia ya kujaza kupita kipimo; mimi lumbesa sifungi. Kwenye geti moja, nisilitaje, kijana mwenye mashine akanitoza 2,000 kila gunia. Nikalipa 14,000, nikadai risiti. Aliitoa kwa shingo upande. Nyumbani nikampigia mjomba. Kumbe tangu 2017 mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru, na ushuru wa mazao wenyewe mlipaji ni mnunuzi!

Safari hii sikuandika bango. Niliandika barua, nikabana na risiti. Kimya. Nikaandika ya pili. Kimya. Ya tatu nikaibeba kwenye mkutano wa hadhara, nikasimama mbele ya watu nisomewe mapato na matumizi: ushuru wetu umekwenda wapi ilhali choo cha soko hakina maji na ofisi imejengewa uzio mpya? Mwenyekiti akasema, "Huyu tunamjua ni wa chama gani." Watu wakacheka. Nikainua risiti. Nikamwambia mashine iliyotoa hii haikuniuliza kadi. Hapo mzee mmoja wa nyuma, kofia ya kijani ya chama tawala kichwani, akauliza, "Hebu mwanangu, hiyo tani moja ni magunia mangapi?" Kicheko kikakatika.

Miezi miwili baadaye geti likaacha kututoza wenye mizigo midogo. Choo bado. Zile 14,000 sijarudishiwa mpaka leo.

Kwa hiyo mwanangu wa Makambako, tunza risiti. Mkutano wa kijiji au mtaa unapaswa kuitishwa mara kwa mara na mapato na matumizi yasomwe. Usiposomewa, dai kwa maandishi, ubaki na nakala. Ukitaka kuandamana, toa taarifa. Februari 20, 2024 Chadema waliandamana hapa Mbeya kuhusu gharama za maisha na sheria za uchaguzi. Nilitembea, nikarudi nyumbani nikapika, wala hakuna kiazi kilichogeuka kijani. Na tunza risiti, nasema tena. Vijana mnapenda kupiga picha bango mkaitupa risiti kwenye mtaro, halafu mnalalamika hamsikilizwi. Mtasikilizwa na nini mkononi? Na msimtukane mtu. Wengi mnaodhani ni maadui wanasubiri tu mtu wa kuuliza swali ambalo wao wanaogopa kuuliza.

Sasa pale getini wananiita Mama Tani Moja. Jumatano nimepita na magunia manne yangu na matatu ya jirani yangu yule wa kikoba, kijana kainua kizuizi kabla dereva hajakanyaga breki. Yale matatu aliyaleta mwenyewe alfajiri, akayaweka mlangoni, hakusema neno. Nami sikusema. Nauli nimemtoza kamili.