Natimiza 50, nataka siku hiyo niwe Uhuru. Inawezekana?

SWALI: Habari za kazi dada mwandishi. Mimi ni mama wa watoto watatu, mwakani katikati ya mwezi wa nne natimiza miaka 50 na nimejiwekea nadhiri siku hiyohiyo nipige picha kilele cha Uhuru, Kilimanjaro. Mashosti zangu wameshachapisha mpaka fulana zenye tarehe. Kampuni moja imetupa ratiba ya siku 5 kwa njia ya Marangu, wanasema inatosha kabisa. Kila asubuhi natembea kama saa zima, presha ninayo ila natumia dawa na imetulia. Mume wangu anasema umri umeshapita. Je naweza? Na nisipofika juu si itakuwa aibu? – Mama wa Watatu

JIBU: Hongera mama, na la shemeji tulimalize kwanza: umri haujapita. Mwaka 2019 Mmarekani Anne Lorimor alifika Uhuru akiwa na miaka 89, msomee hiyo wakati anakunywa chai alafu tuendelee.

Mimi shida yangu ni hiyo tarehe, na hizo siku 5.

Mwezi wa nne ni masika yenyewe. Msituni mtakanyaga tope tangu getini, nguo ikilowa haikauki tena, na mvua ya huku chini kule juu ni theluji, mawingu yamefunga, hiyo picha nyuma yako patakuwa peupe tupu hata ukiambiwa umepigia ukutani kwenu huna cha kujitetea. Mlima haufungwi, watu wanapanda, lakini kwa mtu anayekwenda mara yake ya kwanza na anataka akumbuke vizuri mimi ningesema Januari na Februari, au mwishoni mwa Juni mpaka Oktoba. Keki kateni nyumbani Aprili, mlima nendeni Julai, si bado utakuwa na 50 yako?

Sasa siku 5. Ratiba yao iko hivi: usiku wa kwanza mnalala kambi ya Mandara mita 2,720, wa pili Horombo 3,720, siku ya tatu mnafika Kibo 4,720 na usiku huohuo kwenye saa sita mnaondoka kwenda 5,895. Yaani kutoka Mandara kila siku mita 1,000, na usiku ule mmoja 1,175. Madaktari wa mambo ya milima wanashauri ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, kwa hiyo hapo mnakwenda mara mbili ya ushauri. Pale kileleni kila pumzi inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa pwani. Mwili unajua kujirekebisha, unapumua haraka zaidi, figo nazo zinafanya kazi yake (ndio maana utatoka kukojoa usiku kwenye baridi, usishangae), ila unataka siku. Ukiukimbiza unakugomea, na hapo ndipo vijana wa jimu wanapoumbuka maana ugonjwa wa mwinuko hauangalii misuli. Utamkuta kijana katangulia mbele mpaka Horombo, kufika Kibo anatapika, mama wa makamo aliyekuwa anakuja pole pole nyuma anampita bila hata kumsemesha.

Kwa hiyo wakikwambia siku 5 zinatosha, zinatosha kwao. Waombe 6, ile ya kulala Horombo mara mbili, mchana mnapanda upande wa Mawenzi, kile kilele kingine cha mlima, alafu mnarudi kulala palepale. Au kama mahema hayakutishi, chukueni njia ya Lemosho ya siku 8 au ya Machame ya siku 7. Kule mnapanda mpaka Lava Tower, kwenye mita 4,600, mnakula mchana hapo na kichwa kinaanza kugonga kidogo, alafu mnashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Panda juu lala chini, mwili unazoea hivyo.

Presha: nenda kwa daktari wako, umwambie unakwenda mita ngapi, na dawa zako usiziache hata siku moja. Wengi watakwambia ubebe Diamox ya kusaidia mwili uzoee, lakini hiyo inaongeza mkojo, na dawa nyingine za presha nazo zinaongeza mkojo, kwa hiyo akupangie yeye, usipokee kidonge cha shosti.

Kutembea asubuhi endelea, ila ongeza ngazi, kupanda na KUSHUKA, begi mgongoni, na viatu vilevile utakavyokwenda navyo. Jumamosi na Jumapili mfululizo, miguu ijifunze kuamka imechoka. Watu wanaogopa kupanda kumbe kinachoua ni kushuka, maana siku ya kilele ukitoka Uhuru mpaka Horombo ni zaidi ya mita 2,000 kwenda chini siku hiyohiyo, vidole vinagonga mbele ya kiatu kila hatua. Kata kucha kabisa kabla hujatoka nyumbani, la sivyo utarudi nazo nyeusi.

Usiku wa kilele sasa. Giza, tochi ya kichwani inakuonyesha visigino tu vya aliye mbele yako, kokoto unapiga hatua moja inakurudisha nusu. Chupa ya maji ilaze kichwa chini kwenye begi, barafu inaanza kuganda juu ya maji kwa hiyo mdomo unabaki wazi. Simu ivae ndani karibu na mwili, baridi inamaliza betri na picha yako inapotea. Kichwa kuuma kidogo na kichefuchefu ni kawaida, mwambie mwongozaji asubuhi na jioni akikubana kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni, usimfiche. Ila ukianza kuyumba kama mlevi, kuongea visivyoeleweka, au kuhema na kukohoa hata umekaa, hapo ni kushuka, usiku huohuo, hamna kusubiri jua wala bethdei. Akisema geuka, geuka.

Aibu? Ukifika Gilman's Point, mita 5,685 ukingoni mwa kreta, hifadhi inakupa cheti. Cha Uhuru ni kingine, ndio, na kutoka pale ni kama saa mbili za kuzunguka ukingo, lakini Gilman's umeshaupita mlima Mont Blanc wa Ulaya kwa zaidi ya mita 800. Anayekucheka mwambie aende afike Horombo tu kwanza. Na zile fulana futeni tarehe, acheni mwaka.

SWALI: Mzigo wangu atabeba nani, na mimi nibebe nini? – Mpandaji Mtarajiwa

JIBU: Wapagazi, wagumu kama wanavyoitana wenyewe. Kikomo ni kilo 20 kwa mtu na getini wanapima, kwa hiyo begi lako lisizidi kama 15 maana naye ana vitu vyake. Wewe beba maji lita 3, koti la mvua, sweta, dawa zako na kitu cha kutafuna. Maji yawe kwenye chupa ya kujaza tena, zile za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini.