Kwa mdogo wangu unayeanza kazi ya dhahabu Mwanza

Umeniambia umepata ukarani kwa mnunuzi wa dhahabu hapa mjini, na kwamba chuoni mlisoma sana uchumi wa madini. Hongera. Huku uchumi huo utaukuta juu ya mzani, kwenye zile tarakimu mbili baada ya nukta.

Nianze na lililoniumiza. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja kutoka machimbo ya upande wa Geita, mali yake kaifunga kwenye nailoni, fundo akalifungua kwa meno. Dhahabu ilikuwa imechomwa harakaharaka, ina vitundu kama sifongo. Nikapima: gramu 14.6. Nikalipa kwa uzito huo. Tulipoiyeyusha na boraksi, ule unga unaoshika uchafu, zikabaki gramu 13.1. Zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kunasa dhahabu, ilikuwa imejificha ndani ikatoka na mvuke, uchafu ukaganda kwenye boraksi, na gramu moja na nusu nikakatwa mshahara. Mzee hakunidanganya, mimi ndiye niliyeharakisha.

Kwa hiyo yeyusha kwanza, ndipo upime. Na yeyusha mbele ya mwenye mali. Mtu aliyeshinda shimoni wiki tatu, ukimchukulia dhahabu yake ukaingia nayo chumba cha nyuma, ataamini umemwibia, na wengi wameibiwa hivyo kweli. Moto uwe pahali penye hewa: mvuke wa zebaki hauna harufu, huusikii ukiingia. Ukitua unasombwa na mvua hadi ziwani, huko hugeuka sumu inayopanda kutoka dagaa hadi sangara, hadi mezani kwetu. Naomba hili ulichukue kwa uzito.

Usafi wa dhahabu nao usiuachie mashine ya miale peke yake, maana husoma juu juu tu. Jifunze kupima majini. Dhahabu tupu ni nzito mara 19.3 ya maji, fedha mara 10.5, ukiijua tofauti hiyo, kipande kilichochanganywa na fedha hakikupiti.

Sasa fomu, ambazo vijana wengi huziona usumbufu. Mali ya shilingi milioni 10 ikiuzwa kwenye soko la madini kwa kiwango cha kawaida, mrabaha, yaani fungu la serikali kwa madini yaliyochimbwa, wa asilimia 6 ni laki sita, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni laki moja, na ushuru wa huduma huenda halmashauri. Hapo ndipo jiwe linapokuwa dawati la shule au dawa ya zahanati. Bila stakabadhi yako, nchi haijui hata kama lile jiwe lilichimbwa. Mwaka 2017 tulibishana nchi nzima kuhusu makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje, nini kimo ndani ya yale makontena, kwa sababu hiyohiyo.

Lakini mchimbaji anayekwepa usimtukane kabla hujapiga hesabu yake. Hadi 2019 mchimbaji mdogo alikuwa akidaiwa, juu ya mrabaha, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 na kodi ya zuio, inayokatwa palepale kwenye malipo, ya asilimia 5. Nani angebaki na kitu? Dhahabu ikapita njia za panya. Kodi hizo zilipoondolewa na masoko kufunguliwa, la kwanza likiwa la Geita Machi 2019, watu wakaanza kuja wenyewe. Mimi naamini kodi inayobebeka ndiyo inayolipwa.

Ukipata nafasi, fika Ilemela ukakiangalie kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa Juni 2021. Zamani kazi hiyo tuliisafirisha nje pamoja na ajira zake.

Jumatatu ukiripoti, kabla hujakalia kiti, ulizia jiwe la kuhakikia mzani liko wapi. Liweke juu ya mzani, soma namba, andika kwenye daftari pamoja na saa. Kisha fungua mlango, wapo watakaokuwa wamefika alfajiri.