"Hajulikani" au hakuulizwa? Yaliyonikuta nikihesabu vinyago vya Kimakonde

Mkuu uliyeuliza kama mwanafunzi wa historia ya sanaa anaweza kuandika tasnifu kwa kuhesabu tu rekodi ambazo makumbusho yameweka mtandaoni: anaweza, ila soma kwanza yaliyonikuta.

Nilikuwa nashughulikia vinyago vya Kimakonde. Nikapakua rekodi za makumbusho kadhaa ya Ujerumani, nikazipanga kwenye Excel, nikachora grafu ya idadi ya vinyago kwa kila mwaka. Mstari ulilala chini, halafu 1906 ukasimama wima kama mnazi. Nilifurahi kweli. Nikaandika kurasa mbili juu ya kushamiri kwa uchongaji kusini mwa nchi yetu. Msimamizi wangu akasoma, akaniuliza jambo moja: "Huo ni mwaka wa kuchongwa au wa kuchukuliwa?"

Ni wa kuchukuliwa. Mwaka huo wa 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka kusini, akafika hadi Newala, akikusanya vitu wakati Vita vya Maji Maji havijaisha. Nilichokuwa nimekipima ni safari ya mkusanyaji na mizigo yake. Mafundi hawakuwemo kwenye ile grafu hata kidogo. Kurasa zote mbili nikazifuta.

Lakini safu iliyoniuma zaidi ni ya msanii. Rekodi baada ya rekodi: hajulikani, hajulikani, hajulikani. Ukiliona neno hilo mara nyingi hivyo unaanza kuamini kwamba wachongaji wetu hawakuwa na majina. Hajulikani na nani? Kijijini fundi alijulikana, maana ndiye aliyeendewa kinyago kilipohitajika. Ninavyoona mimi, neno hilo moja limefunika mambo matatu. Kuna mahali mkusanyaji hakuuliza. Kuna mahali pengine aliuliza, akaandika kwenye daftari lake, na karani aliyenakili kwenye kadi akaliacha jina. Na kuna mahali wenyewe walikataa kusema. Hili la mwisho watu wengi hulisahau. Lipiko, yule mchezaji wa ngoma anayetokea na kinyago, kwa Wamakonde wa wakati ule hakuwa mtu aliyevaa kinyago, alikuwa mzimu uliotoka kaburini, na wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni hawakutakiwa kujua mambo yake. Umtajie mgeni asiyetahiriwa jina la aliyeuchonga mzimu? Ule ukimya ulikuwa adabu, na kwenye kompyuta umeingia kama pengo.

Kwa hiyo nililivunja lile "hajulikani" kwenye jedwali langu: hakuulizwa, limeachwa, halikusemwa. Nikaongeza ya nne, sina ushahidi, na rekodi nyingi zimeangukia humo. Mwaka nao nikaupa safu mbili, wa kuchongwa na wa kuchukuliwa. Ile ya kwanza karibu yote ni tupu, na nimeiacha ionekane hivyo kwenye tasnifu.

Kabla hujachora grafu yoyote, tafuta daftari la safari la mkusanyaji. Nililopata mimi lilikuwa la Kijerumani, kwa mwandiko wa mkono, na lilinichukua wiki kadhaa. Ukikwama kwenye kusoma mwandiko huo, niandikie.