Pampu ya maji kwenye boti inalia ila bombani hakuna kitu? Usikimbilie kununua mpya

Wadau salama, leo naandika kuhusu kitu ambacho kilinigharimu muda na kikamgharimu mzee wa watu hela ambayo haikuwa na sababu ya kutoka, na tangu siku ile kila fundi kijana anayekuja kwangu namsimulia.

Kazi yangu hapa Mbeya ni pampu za majumbani na sola, nipo maeneo ya Mwanjelwa. Sasa kuna mzee ana boti ya tanga ya faiba kule Matema, Ziwa Nyasa, ndani ina kitanda, kajiko, sinki na bafu dogo, na maji ya kutumia yapo kwenye tanki la plastiki chini ya kitanda. Maji yanavutwa na pampu ndogo ya betri ya volti 12, ukifungua koki inawaka yenyewe, ukifunga inazima. Akanipigia, "fundi, pampu inalia tu, maji hayaji." Nikamuuliza ina muda gani, akasema kama miaka minne hivi, na mimi palepale kwenye simu nikamwambia hiyo imechoka mzee, agiza nyingine. Ikaletwa na basi kutoka Dar, nikaipokea, nikashuka nayo, Tukuyu, Ipinda, mpaka Matema, unatoka na sweta huku ukifika kule shati limelowa jasho. Nikafunga pampu mpya. Nikawasha. Inalia, maji hayaji, vilevile kama ile ya zamani!

Mzee hakunifokea, alikaa kimya tu ananiangalia, na niliumia sana.

Ngoja nieleze hizi pampu kwanza maana wengi tumezoea zile za umeme wa nyumbani. Ile ya nyumbani usipoijaza maji kwanza haivuti, na ukiiacha izunguke kavu inaunguza sili (kile kizibo kinachozuia maji yasivuje kwenye shafti). Hii ya boti ni ya diaframu, ndani kuna kipande cha mpira kinachochezacheza na vivalvu vidogo, kwahiyo inaweza kujivutia maji yenyewe hata kama bomba limejaa hewa. Wakulima wa viazi wanaijua, kale kapampu ndani ya mashine ya kupulizia dawa ya betri inayobebwa mgongoni kanafanya kazi kwa namna hiyohiyo. (Na tafadhali sana, usije ukatoa pampu iliyowahi kupitisha dawa ya shamba ukaifunga kwenye maji ya kunywa, hata uioshe mara kumi. Nimeshaona mtu anataka kufanya hivyo, nikakataa kuifunga.)

Sasa kama pampu ina nguvu ya kujivutia na tanki lipo pembeni yake kabisa, ikishindwa kuvuta maana yake mara nyingi inavuta hewa mahali fulani. Na hapa ndo nilipopotea. Mimi nilikagua viungo vyote kwa mkono, vikavu, nikasema taiti. Lakini ule upande wa kuvuta, kuanzia tanki mpaka kwenye pampu, kama tanki lipo chini ya pampu ukiwa na tundu hauvuji maji nje, unaingiza hewa ndani! Kiungo kinaweza kuwa kikavu kabisa na bado ndo kibovu. Upande wa pili, baada ya pampu, ndo kinyume, pale kuna presha kwahiyo penye tundu utaona maji.

Kilichonifumbua macho ni ndoo. Nilichomoa mpira unaotoka kwenye tanki, nikachomeka kipande kifupi cha mpira moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu, upande mwingine nikautumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ile ile pampu ya zamani, niliyosema imekufa, ikavuta na bombani maji yakaruka. Jaribio la dakika tano, ningemwelekeza mzee kwenye simu afanye mwenyewe kabla ya kuagiza chochote. Pampu ikivuta kwenye ndoo ni nzima, tafuta kati yake na tanki. Isipovuta hata kwenye ndoo, hapo fungua kichwa chake uangalie vivalvu, kapunje kamoja ka mchanga kanatosha kuzuia valvu isifunge, na diaframu inaweza kuwa imechanika.

Basi nikarudi kwenye chujio, kale kakikombe chenye mfuniko wa kuonekana ndani kanakokaa kabla ya pampu. Nikarudishia mpira, nikawasha na kuangalia kwa tochi, nikaona mapovu yanapita mfululizo. Kufungua mfuniko, oringi (kile kipete cha mpira cha kuzibia) imekaa upande na imebanwa na mchanga. Wiki ile kijana wa mzee alikuwa amesafisha chujio, jambo zuri kabisa, ila hakufuta pale oringi inapokaa. Tukaosha, nikaweka oringi nyingine, nikaipaka grisi ya silikoni kidogo (siyo grisi ya gari, haya ni maji ya kunywa na kuna mipira inavimba), nikafunga kwa mkono bila spana. Maji yakaja.

Mchanga umetoka wapi? Maji wanajaza kutoka ziwani humohumo, na uchafu unatulia chini ya tanki miezi na miezi bila shida, halafu katikati ya mwaka mwera ukianza kuvuma boti inarushwa na uchafu wote unaamka unaingia kwenye chujio. Kwahiyo baada ya siku ya mawimbi makubwa fungua chujio usisubiri pampu ilie, na ukijaza tanki pitisha maji kwenye kitambaa safi.

Ukikuta chujio lipo sawa angalia mpira wenyewe. Mpira laini wa kumwagilia bustani usiutumie upande wa kuvuta, unajikunja ukinyonywa, tafuta ule wenye waya wa spairo ndani. Mpira mgumu ukigoma kuingia tumbukiza ncha kwenye maji ya moto ya chupa ya chai utalainika. Halafu kuna kitundu cha tanki cha kupumulia, nyigu wa udongo wanapenda sana kujenga mule. Kujua ni rahisi, fungua mfuniko wa tanki pampu ikiwa inazunguka, maji yakija ghafla basi tanki lilikuwa limekosa hewa.

Kama pampu hailii kabisa, fyuzi kwanza, halafu pima volti. Ila pima pale kwenye pampu na koki ikiwa wazi, usipime betri peke yake ukaridhika. Niliwahi kukuta betri inasoma 12.5 na kwenye pampu inasoma 10 na kidogo, waya mwembamba halafu kiungo kimejaa kutu ya kijani. Volti zikipungua hivyo pampu inazunguka kichovu, haifikishi presha ya kujizima, inalia mfululizo mpaka inachemka. Nyingi ya hizi ndogo zinazima presha ikifika psi 40 hivi (psi ni kipimo cha presha) na kuwaka tena kwenye 25, inategemea na modeli. Kwahiyo isiyozima usiilaumu swichi ya presha kabla ya kuangalia waya, na kama tanki lina maji.

Na ile ya usiku, koki zote zimefungwa halafu unasikia tuk, kimya, tuk. Presha inavuja. Funga karatasi ya chooni kila kiungo baada ya pampu, itakayolowa ndo penyewe, usisahau chini ya sinki. Zote zikiwa kavu, funga maji palepale pampu inapotolea, ikiendelea kutuktuka basi valvu yake ya ndani ndo inarudisha maji.

Wenzetu wa baharini wakikuta maji chini ya boti wanaonja, yakiwa na chumvi yametoka nje, yasipokuwa nayo ni ya tanki. Huku Nyasa nje na ndani yote maji baridi, kuonja hakusaidii. Mimi nakausha chini kabisa jioni, nazima pampu kwenye swichi kubwa, asubuhi naangalia. Kukiwa na maji, kama siyo tanki lenyewe linavuja basi boti inaingiza, na hilo usilale nalo hata siku moja. Kukiwa kavu, washa pampu uanze kukagua mabomba.

Ile pampu ya zamani niliirudishia siku ileile, na ndo iko kazini mpaka leo. Ile mpya niliiosha, nikaikausha, ipo kwenye boksi lake chini ya kitanda pamoja na oringi tatu na fyuzi za akiba. Mzee alitaka kunilipa ya kazi, nikakataa, nikachukua nauli tu. Akanifungia na samaki wa kupeleka nyumbani. Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), mzee wangu.