Alama nane za PCB na nafasi ya udaktari

Shikamoo mama. Umeuliza kama binti yako wa Pongwe, mwenye C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia (ndiyo masomo ya PCB) kidato cha sita, atapata udaktari Muhimbili. Kwa hesabu ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ambapo A ni alama 5, B ni 4, C ni 3 na D ni 2, ana alama 8. Hiyo si haba, lakini kiwango cha chini kinachoandikwa katika mwongozo wa TCU wa kujiunga na vyuo humruhusu mtu kuomba tu; anayechaguliwa huamuliwa na ufaulu wa wenzake walioomba kozi hiyohiyo mwaka huo, na udaktari hukimbiliwa na wenye A na B. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, nafasi yake hapo ni finyu sana.

Aombe, ila asiweke udaktari peke yake: aongeze kozi nyingine za afya, na zile za kilimo na mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, baada ya kusoma masharti ya kila kozi katika mwongozo wa mwaka huu. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, athibitishe kimoja kabla muda haujaisha. Mkopo nao huombwa kivyake, Bodi ya Mikopo.