Mota ya njia tatu kwenye umeme wa nyumbani: anza na kibao

Mdogo wangu unayefungua karakana uani, iwe Igoma au Buswelu, ukipata randa au mashine ya kukereza iliyotoka kiwandani, mota yake huenda ni ya njia tatu (fezi tatu), na wewe nyumbani una njia moja ya volti 230. Usiiunge hivyo hivyo. Itanguruma bila kuzunguka, itavuta umeme mwingi, na muda si mrefu utakuwa kwa fundi wa kusuka mota.

Kabla ya kununua chochote, futa grisi kwenye kibao cha mota usome. Kama ni volti 400/690, achana nayo: inveta ya kawaida ya njia moja, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa njia moja kuwa wa njia tatu, haitoi volti 400. Kama ni 230/400, hiyo ndiyo yako. Fungua kisanduku cha nyaya, utaona skrubu sita katika safu mbili. Mara nyingi vipande vya shaba vimelala vikiunganisha tatu za safu moja. Hiyo ni staa, ya volti 400. Vitoe uvisimamishe, kila kimoja kiunganishe skrubu ya juu na ya chini yake. Hiyo ni delta, ya volti 230. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanalaumu inveta mota ikizimika kwenye ubao wa mninga.

Njia ya bei nafuu ni kapasita, kama mikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Iwe ya kuendeshea, si ya kuwashia, maana ya kuwashia ikiachwa kwenye mstari huchemka hadi kupasuka. Nguvu hupungua hadi kama theluthi mbili. Kwa feni inatosha. Kwa randa, mimi siishauri.

Inveta ni ghali zaidi lakini inalipa. Mota ya kilowati 1.5 huchukua kama ampea 6, ila inveta yenyewe inaweza kuvuta 14 kutoka ukutani, kwa hiyo waya na breka ziendane na hilo. Swichi usiiweke kati ya inveta na mota. Washa na kuzima kwa inveta yenyewe. Usiendeshe taratibu kwa muda mrefu, feni ya mota nayo hupunguza upepo. Inveta ifunge mbali na vumbi la mbao, na waya wa ethi ufike hadi kwenye ganda la chuma la mota. Ukitaka kufungua kifuniko cha inveta, zima, subiri dakika kumi, kisha pima kwa mita: kapasita za ndani hubaki na umeme unaoua.