Ben Wallace, ukuta wa Detroit

Mkuu, umeuliza ilikuwaje mtu mwenye wastani wa pointi 5.7 kwa mechi akaingia Ukumbi wa Umaarufu wa mpira wa kikapu. Ni ulinzi tu. Mwaka 1996 hakuna timu ya NBA iliyomchagua Ben Wallace kwenye drafti, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya. Akaanzia Washington, akapita Orlando, na mwaka 2000 akatua Detroit (timu ya Pistons) katika dili la kubadilishana wachezaji lililompeleka nyota Grant Hill Orlando. Huko ndiko alikowaka: Mchezaji Bora wa Ulinzi mara 4 (2002, 2003, 2005, 2006). Fainali za 2004 alipambana na Shaquille O'Neal wa Los Angeles Lakers, aliyemzidi kimo na uzito, na Lakers wakalala 4-1! Mimi namweka juu ya wafungaji wengi wa zama zile. Ukumbini aliingia 2021.